Mungu yupo? Maswali yanayorudi kila mara barazani kwetu Mikindani

Baraza letu liko Mikindani, Mtwara, chini ya mwembe, mahali ambapo maji yakijaa unasikia mashua zikigongana. Wakaaji ni wavuvi, fundi mmoja wa mashua, vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria, walimu wastaafu wawili (mmoja ni mimi), na kijana mmoja aliyerudi kutoka chuo ambaye hutamka waziwazi kwamba haamini. Waislamu ndio wengi. Wakristo wetu asili yao ni Masasi na Newala. Mjadala wa Mungu hauna siku maalumu. Mtu analeta habari ya msiba au ya bei ya ufuta, na kabla kahawa haijapoa tumeshafika huko. Maswali ni yale yale, ila majibu yangu ya mdomo hubadilika kufuatana na uchovu wa siku hiyo, kwa hiyo nimeyaandika.

Kuuliza kama Mungu yupo si kufuru?

Naona si kufuru, na wanaonipa ujasiri wa kusema hivyo si wakana Mungu. Imamu al-Ghazali (1058–1111), ambaye jina lake limetajwa katika madrasa nyingi za pwani hii, aliandika mwenyewe kwamba kuna wakati alitilia shaka kila kitu, hata alichokiona kwa macho yake, na hali hiyo ilimkaa karibu miezi miwili. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitamka mwaka 1870 kwamba akili ya binadamu inaweza kumjua Mungu kwa kutazama viumbe. Kama akili inaweza, basi haiwezi kukatazwa isijaribu. Sheria ya baraza ni moja: ukimtukana mwenzio kwa anachokiamini au asichokiamini, kahawa ya siku hiyo unalipa wewe, ya watu wote.

Kwa nini ukisema "Mungu yupo" mtoto anauliza "wapi"?

Kwa sababu mtoto anajua Kiswahili. Katika lugha yetu mtu hawi tu hivi hivi. Lazima awe yupo, yuko au yumo. Mahali pamebanwa ndani ya neno lenyewe. Wanafalsafa wanataka kuuliza juu ya kuwepo kusiko na mahali, na wenye elimu wa zamani walipotaka kulisema hilo walikwenda kuazima "wujudi" kwenye Kiarabu.

Jambo hili si la sarufi tu. Okot p'Bitek wa Uganda alisimulia jinsi wamisionari walivyowauliza wazee wa Kiacholi nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, swali likageuzwa: nani aliyewafinyanga? Wazee wakajibu Rubanga, maana walijua kwamba pepo wa jina hilo ndiye anayewafinyanga watu migongo ikawa na kibyongo. Jina likachukuliwa likawa la Mungu. Mbishani wake mkubwa alikuwa John Mbiti wa Kenya, aliyeshikilia kwamba Waafrika walimjua Mungu mmoja kabla mgeni hajafika. Kwetu huku Mmakua anasema Muluku, Myao anasema Mulungu, na ni vigumu kuyaweka maneno hayo kando ya "Mungu" usione undugu. Lakini undugu wa majina haumleti anayeitwa. Unaonyesha tu kwamba watu wameita kwa muda mrefu.

Hoja gani ina nguvu zaidi upande wa kuwepo?

Wengi hutaja mpango wa ulimwengu. Mimi nasema ni hoja ya sababu ya kwanza, ila watu huisema vibaya kwa kuchanganya hoja mbili.

Moja inahusu mwanzo. Kila kilichoanza kuwepo kina kilichokianzisha, ulimwengu ulianza, kwa hiyo yupo aliyeuanzisha. Hii ni ya wanakalamu wa Kiislamu, yaani wanazuoni wanaoitetea imani kwa hoja za akili, na al-Ghazali aliitumia kuwapinga wanafalsafa waliosema ulimwengu ni wa tangu na tangu. Mwanafalsafa Ibn Rushd wa Andalusia alikuja kumjibu katika karne iliyofuata, na ubishi wao bado unaendelea vyuoni.

Nyingine haijali mwanzo kabisa. Mtazame mtu anayeteka maji kisimani. Ndoo inaning'inia kwenye kamba, kamba imeshikwa na mkono. Ukiniambia ndoo inashikiliwa na kipande cha mwisho cha kamba, na kipande hicho kinashikiliwa na cha juu yake, nakubali. Ukiongeza kwamba kamba haina mwisho kwenda juu na wala hakuna mkono, hapo nakataa. Urefu wa kamba hauinui ndoo. Mwanafalsafa Mwislamu Ibn Sina (980–1037) aliliweka hivi: vitu tunavyoviona vingeweza visiwepo, kwa hiyo kuwepo kwao ni kwa kuazima, lazima awepo asiyeazima, ambaye kuwepo kwake ni wajibu, yaani hakuwezi kukosekana. Thomas wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alipita njia inayofanana na hiyo. Tena yeye alikiri kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kama ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hilo alilipokea kwa imani. Wanaomtaja jukwaani mara nyingi hawafiki hapo.

Siku nilipoeleza haya, fundi wa mashua alinyamaza mpaka nilipomaliza, kisha akasema: "Sawa, mwalimu, mkono upo. Nani kakwambia mkono huo unanisikia nikiomba?" Sikuwa na jibu, na sidhani kwamba lipo ndani ya hoja hii. Ikifaulu kwa asilimia mia, inakupa asiyeazima. Haikupi mwenye huruma, wala mwenye kuteremsha kitabu, wala anayejua jina la fundi.

Basi nani alimuumba Mungu?

Vijana hulitoa swali hili kama kete ya mwisho ya bao. Halifungi. Hoja haikusema kila kitu kina sababu. Ilisema kila kilichoanza, au kila kinachoazima. Kuuliza nani alimuumba asiyeumbwa ni kama kuuliza mkono nao unaning'inia kwenye kamba gani. (Mkono una bega, najua. Kila mfano una mahali unapokatikia.)

Jibu zito zaidi lilitoka kwa Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza asiyeamini, alipojadiliana na padri Mjesuiti Frederick Copleston kwenye redio ya BBC mwaka 1948. Kila binadamu ana mama, alisema, lakini haifuati kwamba jamii yote ya binadamu, kwa ujumla wake, ina mama. Vivyo hivyo vitu vya ulimwengu vina sababu, ulimwengu wenyewe upo, basi. Hapo mnabaki watu wawili, mmoja ameridhika na "upo, basi" na mwingine hajaridhika. Sijaona hoja ya kumhamisha yeyote kati yao bila ridhaa yake.

Sayansi haijathibitisha mwanzo kwa ule mlipuko mkubwa?

Ulimwengu tunaouona unakadiriwa kuwa na umri wa miaka bilioni 13.8. Mtu wa mbele katika kupendekeza mwanzo wa namna hiyo, Georges Lemaître wa Ubelgiji, alikuwa padri, na hakupenda fizikia yake igeuzwe mahubiri. Namfuata yeye.

Jicho, mbawa za kipanga, ua la mkorosho: hivi vingejipanga vyenyewe?

Kwetu hoja hii ina mwili, kwa sababu tuna wachongaji. Mwingereza William Paley aliandika mwaka 1802 juu ya mtu anayeikuta saa njiani na kujua mara moja kwamba ina fundi. Hapa Mtwara huhitaji saa. Ukiokota kinyago cha mpingo mchangani, hutasema kimeletwa na mawimbi.

Lakini mwaka jana nilikaa na mchongaji mmoja akifanya kazi. Alikuwa na tawi la mpingo lililojipinda. Upande mmoja alishaupitishia tezo na patasi, ule mweusi unaong'aa ulishatokeza. Upande wa pili ulikuwa bado na weupe wake wa nje. Akanigeuzia upande ambao hajaugusa. Palikuwa na taya, na juu yake shimo kama jicho. "Hili sijachonga," akaniambia. "Nimelikuta." Vile vinyago viitwavyo shetani huzaliwa hivyo, mchongaji akilifuata umbo la mti kuliko kulilazimisha. Nilirudi nyumbani bila uhakika niliokwenda nao.

Maana huo ndio ugomvi wenyewe. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti ambaye mazungumzo yake juu ya dini yalichapwa mwaka 1779 baada ya kufa kwake, alisema tunakijua kinyago kwa kuwa tumewaona wachongaji. Nani amewahi kuona ulimwengu ukichongwa? Tunao mmoja tu, na tumeukuta. Kisha mwaka 1859 Charles Darwin akaonyesha jinsi taya na jicho vinavyoweza kutokea bila patasi: viumbe huzaliwa na tofauti ndogondogo, zinazofaa hubaki na kurithiwa, na muda ni mrefu mno.

Urefu wa muda huo sisi tumeukalia. Kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi kuna kilima cha Tendaguru. Wajerumani walichimba pale kati ya 1909 na 1913, na wapagazi wakabeba mifupa vichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mnyama mmojawapo sasa amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, naye aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Kijana wa chuo hupenda kuuliza: kama kulikuwa na mpango, yule alikuwa wa nini, na kwa nini akafutwa kabla hatujamwona? Mwenzangu mwalimu humjibu kwamba mpango hauko kwenye mnyama, uko kwenye kanuni zilizowezesha wanyama: nguvu ya mvutano na nyinginezo zingetofautiana kidogo tu, pasingekuwa na nyota wala mfupa. Hiyo ndiyo sura mpya ya hoja, na inastahili kusikilizwa kuliko ile ya jicho. Ila swali la Hume linaifuata hata huko: kanuni ngapi umeona zikitungwa?

Inawezekana kumthibitisha Mungu kwa maana ya neno tu?

Anselm, mtawa aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Canterbury, alidhani inawezekana. Karibu mwaka 1078 alisema: Mungu ni yule ambaye hawezi kufikiriwa aliye mkuu zaidi yake. Kama yumo kichwani tu, basi ungeweza kumfikiria aliye mkuu zaidi, yaani aliyeko kweli. Huo ni mgongano. Kwa hiyo yuko kweli.

Mkulima mmoja aliisikiliza mara mbili, akasema: "Basi nami nafikiria bei ya korosho ambayo haiwezi kufikiriwa iliyo nzuri zaidi. Lazima ipo. Iko mnada gani?" Tulicheka sana, lakini alikuwa amempata Anselm pale pale alipopatwa na mtawa mwenzake Gaunilo, ambaye yeye alitumia mfano wa kisiwa kisicho na dosari.

Mwanafalsafa Mjerumani Kant aliongeza jambo mwaka 1781 ambalo fundi wetu hulielewa kuliko mimi. Unapomwagiza mashua unamwambia urefu, upana, mti gani, mlingoti wa kimo gani. Ukimaliza ukasema "na iwepo", hajapata ubao mmoja zaidi wa kukata. Kuwepo si sifa mojawapo katika orodha.

Kama Mungu ni mwema na anaweza yote, kwa nini mabaya?

Hapa ndipo ninapotumia muda.

Aprili 2019 tulitangaziwa kwamba kimbunga kiitwacho Kenneth kinakuja. Wazee wa Lindi walikuwa bado wanakisimulia kile cha mwaka 1952, kwa hiyo hakuna aliyefanya mzaha. Watu walifunga mashua kwa kamba mbilimbili, wakaweka mawe juu ya mabati, na wakaomba. Niliomba na mimi. Tarehe 25 kikakata kusini, kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, kikaua watu makumi. Asubuhi yake mtaa mzima ulikuwa na neno moja mdomoni: Alhamdulillahi, Mungu katuokoa.

Jirani yangu ni Mmakonde, na Wamakonde wako pande zote mbili za mto. Shangazi yake ameolewa Macomia, ambako kimbunga kilipiga hasa. Siku tatu simu yake haikupatikana. Siku ya nne jirani alikuja barazani, akasikia mtu akirudia neno lile la kushukuru, akauliza taratibu: "Kwa hiyo dua zetu zilikuwa na mtandao, za shangazi hazikuwa nao?" Baadaye shangazi alipatikana mzima, nyumba hakuna. Swali lilibaki.

Mwanafalsafa J. L. Mackie aliliandika swali hilo kikavu mwaka 1955: Mungu anaweza yote, Mungu ni mwema kabisa, mabaya yapo. Alidai huwezi kuyashika yote matatu. Alvin Plantinga, mwaka 1974, alimjibu kwa hiari ya binadamu: huenda hata mwenye uwezo wote hawezi kuumba watu huru kweli na papo hapo akahakikisha hawakosei. Wanafalsafa wengi, hata wasioamini, wanakubali kwamba jibu hilo lilivunja dai la Mackie la mgongano wa lazima. Lakini lenyewe linafaa kwa mwizi na kwa mfanya vita. Kimbunga hakina hiari.

Kuna jibu la "mtihani", kwamba dhiki humkomaza mtu. Nimewaona waliokomazwa. Mtoto mchanga aliyeangukiwa na ukuta hakukomazwa. Mwanafalsafa Mjerumani Leibniz aliandika mwaka 1710 kwamba ulimwengu huu ndio bora kati ya yote iliyowezekana. Tetemeko la Lisbon la 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, likampa mwandishi Mfaransa Voltaire sababu ya kuicheka kauli hiyo maisha yake yaliyobaki.

Halafu kuna jibu la "Mungu ana hekima yake". Silidharau. Mtoto anayechomwa sindano haelewi kwa nini mama amemshika mikono, na kutoelewa kwake si dalili kwamba mama hana sababu. Tatizo ni kwamba jibu hili linakata pande mbili. Kama siwezi kuisoma hekima yake Macomia, siwezi kuisoma Mikindani vilevile. Basi nisiseme kwa uhakika "katuokoa sisi". Ninachokijua ni kwamba kimbunga kilikata kusini. Nilipolisema hili barazani, mzee mmoja alikasirika na hakunisalimu wiki nzima. Namwelewa.

Jambo moja la adabu: "kazi ya Mungu haina makosa" ni neno la msibani. Usilipinge kwa mantiki mbele ya mfiwa, na usilitumie kama mantiki mbele ya aliyekuuliza swali.

Dua isiyojibiwa si ushahidi kwamba hakuna anayesikia?

Inategemea uliahidiwa nini. Mwaka 1905, kule Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba ya Mjerumani na vita ikaanza. Walikuwa wamepokea maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyosemwa kwamba yatageuza risasi kuwa maji. Dai lile lilipimika, na lilipimwa kwa miili ya watu.

Madai yetu sisi tunayalinda zaidi. Mgonjwa akipona, Mungu kasikia. Akifa, Mungu kampenda zaidi. Mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew aliuliza mwaka 1950: ni kitu gani kingetokea hata ukubali kwamba umekosea? Kama hakuna, umesema nini hasa? Wapo wanaomjibu kwamba dua si agizo la dukani, ni mazungumzo, na mazungumzo hayapimwi kwa bidhaa. Nakubaliana nao. Basi na tuache kuwaambia watu kwamba fulani alipona kwa sababu aliombewa vizuri.

Si heri kuamini tu, kwa usalama?

Huo ni mkeka wa Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17. Ukiamini na Mungu yupo, umepata kisicho na mwisho. Ukiamini na hayupo, umepoteza kidogo. Vijana wanaobeti wanaipenda sana hoja hii, na wao wenyewe ndio walioona kasoro: timu ni nyingi. Mwandishi Mfaransa Diderot alikwisha sema kwamba imamu naye anaweza kuitumia vilevile. Tena siwezi kuamini kwa kuwa inalipa, kama nisivyoweza kuamini kwamba leo ni Ijumaa kwa kupewa elfu kumi.

Asiyeamini anaweza kuwa mwema?

Anaweza. Kijana wetu alilala hospitali siku sita akimuuguza mtu asiye ndugu yake. Swali gumu ni lingine, la Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: jema ni jema kwa kuwa Mungu kaliamuru, au kaliamuru kwa kuwa ni jema? Katika Uislamu, wanazuoni wa kundi la Waashari walishika upande wa kwanza na wale wa kundi la Muutazila upande wa pili, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni swali la Wazungu.

Wewe mwenyewe uko upande gani?

Naamini. Sikufika kwa hoja yoyote kati ya hizi, nilimkuta bibi yangu anaswali nikaswali naye. Hoja ya ndoo na kamba inanifanya nisione haya mbele ya msomi. Swali la jirani linanifanya nisiseme sana. Nikiulizwa kama nimewahi kulijibu, sijalijibu, na sasa nina miaka sitini na nane.

Ninachokataa ni kuibebesha hoja mzigo usio wake. Anayedhani Ibn Sina amemthibitishia dini yake yote amejiongezea, na anayedhani Mackie amefunga milango yote ya misikiti na makanisa amejiongezea vilevile.

Nikitaka kuja, nije lini?

Baada ya magharibi, siku yoyote isiyo na mvua. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba utawakuta watoto tu wakicheza bao. Wakubwa tuko kwenye mikorosho. Kahawa utaikuta. Ya wiki hii ni juu yangu, kwa neno nililomwambia kijana wa chuo siku ya Jumanne.